Picha ya Mia Mbili na Kumi na Mbili

Nje ni nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri,
mto Emajõgi umefunga mdomo kwa barafu,
na ndani ya karakana ya Vaike, mjini Tartu,
tarishi wa sufi na waya anapanda ngazi.
Anapanda kama mlevi:
hatua ya kwanza, kisha ya kumi,
kisha yuko juu kabisa, mia moja, kofia mkononi,
kisha chini tena, ya pili.

"Nimemsogeza nusu ya ukucha, nusu ya ukucha, miezi minne,"
Vaike ananiambia,
"na mashine yako inamrusharusha kama kiroboto."

Si mashine yangu. Ila ndiye mimi niliyeitwa, Urmas,
nilipwe supu ya kabichi na noti mbili zilizokunjwa.
Namweleza: kompyuta haihesabu majina, inayasoma,
herufi kwa herufi, kama mtoto anayefuata mstari kwa kidole.
Ikikuta ngazi_10 na ngazi_2
inatazama moja, inatazama mbili,
inaamua moja ni mdogo, basi kumi atangulie.
Haioni mzigo aliobeba nyuma.

Dawa ni sifuri,
zile zile tunazozidharau zikikaa kushoto:
ngazi_0002, ngazi_0010, ngazi_0100,
wafupi wapewe viatu vya kisigino, kimo kiwe kimoja.
Naandika kanuni mbili, ya kwenda na ya kurudi.
Ya kwenda: nipe namba, niivishe sifuri, nikupe jina.
Ya kurudi: nipe jina, nilikate mkia,
nilivue neno, nilivue sifuri,
ibaki namba, uchi kama ilivyozaliwa.
(Sifuri mwenyewe usimvue yote. Utabaki na hewa.)

Kisha jaribio, toka moja hadi mia nne na nane:
namba iwe jina, jina liwe namba,
kila anayetoka arudi alivyotoka.
Wanakwenda, wanarudi. Nakunywa supu.

Kwenye 212 mashine inasita,
halafu, kwa maandishi mekundu:
Jina lipo. Faili halipo.
Na chini yake:
Faili lipo. Namba haipo.
mkono.jpg

Vaike anafuta miwani kwa aproni, anaifuta tena.
Katika kijitabu chake cha penseli
211 ni goti la kushoto,
213 ni goti la kushoto, zaidi kidogo.
Kati yake mstari mtupu; hakuna kilichofutwa.
"Lifungue," anasema.

Ngazi. Tarishi, goti hewani.
Na juu ya bega lake mkono wa mtu, mpana kama mlango,
umeshika waya wa taa, saa imelegea,
plasta kwenye kidole gumba.
"Hillar. Taa ilikuwa inapepesa. Nikabonyeza kabla hajatoka.
Alinitukana, nikacheka.
Nikaitoa kwenye foleni, nikaipa jina lake peke yake
nisije nikaifuta."
Hasemi ilikuwa lini.
Koti la kiume liko msumarini, vumbi mabegani.

"Niache pengo?" nauliza.
"Au nirudie 211 mara mbili? Jicho halitajua."
"Jicho la nani?"

Kanuni yangu ilikuwa safi, mistari minne,
ya kumwonyesha mwalimu bila aibu.
Naichafua.
Namba ikiwa 212, usihesabu, usivishe kitu, toa mkono.
Jina likiwa mkono, jibu 212, usiulize.
Atakayekuja baada yangu atakuna kichwa.
Nafikiria kumwachia maelezo pembeni,
naandika "Hillar", nahifadhi.

Tunazima taa.
Tarishi anapanda, nane, tisa, kumi, kumi na moja, hayumbi,
na mahali fulani katikati, upesi kuliko kope,
kivuli kinapita juu yake
kama ndege nje ya dirisha.

"Rudisha nyuma," anasema Vaike.
Narudisha.
"Tena."